Mikono baridi, glavu chapachapa: kutafuta chanzo kwa anayeendesha baiskeli Nairobi

Baridi ya Nairobi haigandishi maji. Kati ya Juni na Agosti, alfajiri huwa ya nyuzi 11 hadi 13 mara nyingi, na siku mbaya za Julai hushuka chini ya 10, hasa upande wa Dagoretti, Kikuyu na Limuru. Hata hivyo, anayetoka Kikuyu saa kumi na moja na nusu alfajiri hufika Westlands akashindwa kufungua zipu ya koti lake. Kinachomwumiza ni vitu viwili juu ya hiyo baridi: upepo anaojitengenezea kwa mwendo, na maji yaliyomo ndani ya glavu. Kati ya hivyo viwili, maji ndiyo mabaya zaidi.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Tena gramu moja ya maji inapokauka kutoka kwenye kitambaa hula joto la karibu joule 2,400. Jozi ya glavu iliyonyonya mililita 60 tu, ambazo ni kama robo ya kikombe cha chai, inahitaji zaidi ya joule 140,000 ili ikauke, na sehemu ya joto hilo hutoka kwenye vidole vyako. Ndiyo maana mtu hununua glavu nene, halafu nene zaidi, na bado anafika kazini akipuliza viganja. Unene hausaidii kitu kikishalowa. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

Kabla ya yote: je, mikono bado inaweza kushika breki?

Ngozi ya mkono ikishuka chini ya takriban nyuzi 15, vidole hupoteza wepesi wake. Hili ni jambo la usalama kuliko la starehe, kwa sababu barabara ya Ngong asubuhi haikupi nafasi ya breki ya kusuasua. Ukiwa njiani jipime hivi: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Visipokutana, au ukishindwa kuokota shilingi kutoka mfukoni, simama. Ingiza mikono kwapani, ndani ya koti, kwa dakika tano au zaidi mpaka vidole vikutane bila taabu. Usiiweke juu ya jiko la mwuza mahindi wala kuitia kwenye maji ya moto, kwani ngozi iliyokufa ganzi haihisi inapoungua.

Ukifika, soma glavu kabla ya kuzianika

Vua glavu, geuza upindo wake, ingiza kidole cha mkono mwingine hadi nchani. Mahali palipolowa ndipo penye jibu. Nje kumelowa na ndani kukavu: glavu inafanya kazi yake, matatizo yako yako kwingine. Nje kukavu na ndani kuna unyevu kwenye viganja na ncha za vidole: ni jasho. Ndani kumelowa kwenye kifundo na kuishia katikati ya kiganja: maji yameteremka kutoka kwenye mkono wa koti. Kote kumelowa: kitambaa au mshono umeshindwa.

Ukiwa na mizani ya jikoni, pima glavu zikiwa kavu kabisa, andika uzito, kisha pima tena baada ya safari. Tofauti ya gramu ndiyo mililita za maji ulizobeba. Fanya hivyo siku kavu na siku ya mvua. Siku kavu ikikuletea gramu 15 au 20, usihangaike na glavu za mvua hata kidogo, shida yako ni jasho.

Ndani kumelowa, na mvua haikunyesha

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote hapa kwetu, na ndilo linalotambuliwa kwa nadra. Glavu za kuteleza kwenye theluji zinazouzwa kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi zimetengenezwa kwa baridi iliyo chini ya sifuri. Mtu akizivaa kwa nyuzi 12 huku akipanda mlima wa kutoka Kangemi, viganja vinatoka jasho ndani ya dakika kumi. Kwenye kilima hasikii lolote. Akianza kushuka, upepo unagusa jasho lile na vidole vinakufa.

Dawa yake ni kupunguza. Kwa asubuhi kavu ya Julai, glavu nyembamba ya sufu au ya poliesta, na juu yake kitu chembamba cha kuzuia upepo, vinatosha watu wengi. Sufu inaweza kubeba mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Poliesta yenyewe hainyonyi karibu chochote, maji hukaa kati ya nyuzi tu, kwa hiyo hukauka upesi. Pamba ndiyo ya kuepuka. Zile glavu nyeupe za pamba za mjengo, zenye vitone vya mpira, ni rahisi na hushika vizuri, lakini zikilowa hukaa hivyo mpaka mchana.

Unapaswa kuanza safari ukihisi ubaridi kidogo vidoleni. Ukianza ukiwa umejaa joto mlangoni, basi utalowa kabla ya kilomita ya tatu. Kama kilima ni kirefu, vua glavu ya nje kabla ya kukipanda, iweke ndani ya koti kifuani na si kwenye kikapu, uivae tena kileleni kabla ya kushuka.

Kuna chanzo kingine cha unyevu ambacho wasafirishaji wa vifurushi wanakijua vizuri. Unasimama, unavua glavu kupokea simu au kuonyesha ujumbe wa malipo, manyunyu yanalowesha kiganja, kisha unaurudisha mkono ule uliolowa ndani ya bitana kavu. Fanya hivyo mara nane kwa asubuhi moja na glavu imelowa kutoka ndani bila tone kupita kwenye mshono. Wengine huiacha glavu juu ya kiti wakati wa kupeana mzigo, mdomo ukiangalia juu, na mvua inaijaza. Weka kitambaa kidogo shingoni ndani ya koti, futa kiganja na kati ya vidole kabla ya kuvaa. Glavu iliyovuliwa ikae kifuani. Au mpe fundi cherehani glavu ya mkono wa simu apasue mstari wa sentimita 2 upande wa kiganja, chini kidogo ya ncha ya kidole cha shahada, apinde kingo na kuzishona. Kidole kinatoka, kinagusa simu, kinarudi, glavu haijavuliwa. Mpasuo huo ufanye kwenye glavu ya manyunyu tu, usiguse ile ya mvua kubwa.

Maji yanaanzia kwenye kifundo cha mkono

Ukishika usukani wa kawaida, kiwiko kiko juu ya kiganja. Maji yote yanayoanguka kwenye mkono wa koti huteremka kuelekea vidoleni. Glavu ikiwa imevaliwa juu ya mkono wa koti, mdomo wake unayapokea. Kwa hiyo mkono wa koti uwe nje, glavu iwe ndani, zipishane angalau sentimita 6, kisha koti lifungwe kwa lastiki au velkro lisipeperuke. Makoti mengi ya mvua yanayouzwa mjini ni mafupi mikononi: ukinyoosha mkono kushika usukani, linapanda na kuacha kifundo wazi. Lijaribu koti dukani ukiwa umenyoosha mikono mbele, usilijaribu umesimama wima.

Kama koti haliwezi kupita juu ya glavu, vaa glavu ndefu juu ya koti na upinde mdomo wake kuelekea nje sentimita 3, uwe kama mfereji. Maji yataingia kwenye mkunjo huo badala ya kuingia kiganjani. Umwage kila unaposimama. Ni suluhisho la pili kwa ubora, ila linafanya kazi kwa mvua ya nusu saa.

Angalia pia gurudumu la mbele. Baiskeli isiyo na madigadi hurusha maji ya barabarani mbele, nawe unayaendea kwa kasi. Glavu ikirudi na matope upande wa vidole na si mgongoni, madigadi ndiyo ya kununua, hata ya plastiki ya kukata kwenye mtungi wa lita tano na kufunga kwa kamba za plastiki kwenye foki.

Glavu zilizokuwa hazipitishi maji sasa zinapitisha

Tenganisha mambo mawili yanayofanana. Glavu nyingi za aina hii zina kitambaa cha nje, utando wa kuzuia maji katikati, na bitana ndani. Kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya maji yajikusanye vitone na kudondoka. Dawa hiyo ikiisha kwa uchafu na msuguano, kitambaa cha nje hulowa chote. Utando bado mzima, maji hayajaingia, lakini mvuke wa mkono hauwezi tena kutoka na kitambaa kilicholowa kinapoza vidole. Mtu huhisi baridi na unyevu akadhani glavu inavuja.

Nyunyiza maji kwenye mgongo wa glavu safi na kavu. Yakisimama vitone, dawa ipo. Yakisambaa na kitambaa kikawa cheusi, imekwisha. Osha glavu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo kwa sababu hiyo huvutia maji. Suuza mara tatu, mpaka maji yasiwe na povu. Kausha kivulini, kisha weka kitambaa juu yake na upitishe pasi ya moto mdogo kwa dakika chache, kama lebo inaruhusu pasi. Joto hurudisha dawa iliyobaki. Vitone visiporudi, nunua dawa ya kupuliza ya kuzuia maji, ile ya viatu na mahema, upulize tabaka mbili nyembamba.

Kama ni kuvuja kwa kweli, mimina maji ndani ya glavu hadi vidole vijae, kaza mdomo kwa kuusokota, kamua taratibu juu ya beseni na utazame kila mshono. Sehemu inayovuja kwanza mara nyingi ni kati ya kidole gumba na cha shahada, pale panaposuguana na mshikio. Futa, kausha siku nzima, kisha paka silikoni ya kuzibia madirisha kwa ncha ya kidole, nyembamba sana, juu ya mshono kwa nje. Iache saa 24. Lakini ikiwa utando wenyewe umechanika, na utajua kwa sababu maji yanatoka eneo pana bila mshono, usipoteze silikoni yako. Glavu hiyo ibaki ya siku kavu.

Unaponunua mitumba, shika ncha ya bitana ndani ya kidole na uivute kidogo. Bitana inayotoka pamoja na kidole kizima imeng'oka. Ukivua kwa mkono uliolowa itageuka ndani nje, na kuirudisha vidole vyote vitano mahali pake ukiwa barabarani ni kazi isiyowezekana. Iache hapo sokoni hata ikiwa bei ya kutupa.

Mvua kubwa: hakuna glavu inayobaki kavu

Aprili na Novemba ni habari nyingine. Mvua kamili ikikukuta kwa saa nzima, karibu kila glavu ya kitambaa itashindwa mwishowe. Njia inayoaminika ni mpira.

Nunua glavu za mpira za jikoni, saizi moja au mbili juu ya unayotumia, na uvae ndani yake glavu nyembamba ya sufu au poliesta. Mpira hauruhusu upepo wala maji, na unashika mishikio iliyolowa vizuri kuliko ngozi. Jasho litakuwepo, lakini ni jasho la joto lisilopata upepo wa kulikausha, kwa hiyo halipozi. Kila baada ya saa moja badilisha glavu ya ndani. Beba jozi mbili za ndani kwenye mfuko usioingiza maji. Hazizidi uzito wa embe moja.

Njia ya pili ni kinyume chake: glavu nyembamba za hospitali kwenye ngozi, kisha glavu yako ya kawaida juu. Chemisti huziuza kwa boksi la 100, na nyingi hukubali kuuza jozi chache. Chagua za nitraili zisizo na unga ikiwa lateksi inakuwasha. Hizi huzuia jasho lisifike kwenye glavu ya joto, na huzuia maji ya glavu iliyolowa yasiguse ngozi. Ni nzuri pia kuwekwa chini ya kiti kama akiba, zimekunjwa pamoja na tyubu.

Zamani watu walivaa mifuko ya nailoni juu ya mikono. Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, hila hiyo imekwisha, na kusema kweli haikuwa nzuri: plastiki iliteleza kwenye mkono wa breki. Mifuko ya kitambaa iliyoichukua nafasi yake inapitisha maji kama kichujio, haisaidii.

Glavu ya mpira ikitoboka, izibe kama tyubu. Ipulize, sokota mdomo, itumbukize ndani ya beseni na utafute mapovu. Kausha, paruza kwa msasa mwembamba, paka gundi ya viraka, ngoja hadi isishike kidole, bandika kipande cha glavu kuukuu. Gundi hiyo haifai kwa nitraili. Hizo ni za kutupa.

Glavu kavu, mikono bado baridi

Kama mizani inasema hakuna maji, pitia haya kwa mpangilio.

Kwanza kubana. Kunja ngumi ndani ya glavu. Ukihisi kitambaa kinakaza migongo ya vidole, damu inabanwa na hewa inayotunza joto haipo. Vidole vikiwa vimenyooka, panapaswa kubaki nafasi ya milimita 5 nchani. Kuvaa glavu mbili zinazobana ni baridi kuliko moja inayokaa vizuri, na hili huwashangaza wengi.

Pili upepo. Shika glavu mbele ya mdomo upulize kwa nguvu, mkono mwingine nyuma yake. Ukihisi pumzi, upepo wa barabarani unapita pia. Hewa ya nyuzi 10, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mkono mtupu huihisi kama nyuzi 6. Glavu ya sufu peke yake haizuii hilo. Kipande cha reksini au kitambaa cha koti la mvua kilichoshonewa mgongoni mwa glavu, kuanzia vifundo vya vidole hadi kifundo cha mkono, kinabadilisha kila kitu. Kiganja acha kama kilivyo.

Tatu kifua. Mwili ukianza kupoa, hupunguza damu inayokwenda vidoleni ili kulinda moyo na mapafu. Mtu aliyevaa fulana na sweta la kusuka lenye matundu anaweza kuvaa glavu za thamani yoyote na vidole visipate joto. Weka kurasa tatu nne za gazeti kati ya sweta na koti, kifuani, na ufunike shingo kwa skafu. Funika pia kifundo cha mkono, ambapo mishipa ya damu hupita karibu na ngozi: soksi kuukuu ya sufu iliyokatwa ncha, yenye urefu wa sentimita 12, inatosha.

Nne chuma. Mkono wa breki wa chuma hunyonya joto la vidole viwili vile vile kila siku, cha shahada na cha kati. Kama ni hivyo viwili tu vinavyouma, hukumu imeshatoka. Kata kipande cha tyubu nyembamba chenye urefu wa sentimita 7, kipake maji ya sabuni ndani, kivute juu ya mkono wa breki mpaka kifunike pale vidole vinapokaa. Sabuni ikikauka kitashika. Hakikisha breki bado inavutika hadi mwisho bila tyubu kugusa mshikio. Wenye baiskeli za Black Mamba, ambazo breki zake ni fito ndefu za chuma chini ya usukani, wafunge ukanda wa tyubu kwa kuuzungusha badala ya kuuvuta.

Vidole vikiwa baridi dakika kumi za kwanza tu kisha vikapata joto, hakuna kilichoharibika. Mwili bado haujaanza kuzalisha joto. Zungusha mikono kwa duara kubwa mara 20 kabla ya kupanda, na glavu zilale ndani ya nyumba, zisilale kwenye kikapu cha baiskeli uani.

Kushuka kutoka Limuru

Limuru iko takriban mita 500 juu ya katikati ya jiji. Anayepanda kwenda huko Jumamosi asubuhi hufika akiwa amelowa jasho, na safari ya kurudi ni upepo mtupu bila kukanyaga pedeli. Hapa hakuna ufundi zaidi ya jozi ya pili. Ukifika juu, kabla hata ya kuagiza chai, vua glavu, futa viganja, vaa kavu. Badilisha na fulana ya ndani kama unayo. Unaposhuka, vuta breki kidogo kidogo ukipokezana mbele na nyuma ili vidole visikae vimekunjwa mahali pamoja, na panapokuwa tambarare kanyaga hata kama huhitaji mwendo, damu irudi mikononi.

Vifuniko vya usukani kama vya bodaboda

Kwa anayeendesha kila alfajiri kwenda kazini, hiki ndicho kifaa bora kuliko glavu yoyote, na inasikitisha kwamba waendesha baiskeli wanakiona kwenye pikipiki kila siku bila kukichukua. Kifuniko hukaa kwenye usukani, wewe unaingiza mkono ukiwa na glavu nyembamba au bila glavu. Hakikai kwenye ngozi yako, hakibani, hakiingizi upepo. Vya pikipiki, vinavyopatikana barabara ya Kirinyaga, vimekatwa kwa usukani mnene na vioo. Kwenye baiskeli huning'inia na kugusa breki. Afadhali ushonewe na fundi wa viti vya pikipiki.

Kwa usukani ulionyooka, kila mkono unahitaji kipande cha reksini cha sentimita 28 kwa 64, na bitana ya flisi au blanketi kuukuu ya kipimo hicho hicho. Kunja urefu wa 64 katikati. Mkunjo ndio utakaotazama mbele, kwa upepo, bila mshono. Shona upande wa nje, kwenye mwisho wa usukani, kuanzia kwenye mkunjo hadi nyuma. Upande wa ndani, unaoelekea shingo ya usukani, shona lakini acha wazi sentimita 9 ambapo usukani na nyaya zitapita, ufunge kwa velkro. Nyuma kubaki wazi kote, ndiko mkono unakoingia. Ndani ya mdomo huo pitisha ukanda wa plastiki ya mtungi wenye upana wa sentimita 2 ili mdomo ubaki umefunguka. Bila ukanda huo kifuniko hujikunja na mkono unakwama, na mkono uliokwama ni hatari. Toboa tundu moja la milimita 5 mahali palipo chini zaidi ili maji yasituame.

Kabla ya kutoka barabarani, jaribu uani: vuta breki zote mbili hadi mwisho, badilisha gia, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, kisha toa mikono ghafla mara kumi. Chochote kikigusa, punguza. Kwenye usukani wa mbio uliopinda chini, kifuniko hiki hakifai.

Vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi

Kidole cha pete na cha mwisho vikifa ganzi hata siku ya joto, acha kulaumu baridi. Neva inayohudumia vidole hivyo hupita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na uzito wako unaikandamiza kwenye usukani. Glavu nene hapo huongeza shida. Weka pima maji ya fundi wa ujenzi juu ya kiti: pua ya kiti ikiinama, mwili unateleza mbele na mikono inabeba mzigo. Kisawazishe. Inua usukani sentimita moja au mbili. Elekeza mikono ya breki chini kidogo ili kifundo kiwe kimenyooka unapoishika. Badilisha mshiko kila dakika chache. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, ni neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, lakini marekebisho ya kwanza ni yale yale. Ganzi isiyoondoka siku kadhaa baada ya kupumzika, au mshiko unaodhoofika, ni kazi ya daktari.

Vidole vinabadilika rangi

Kidole kimoja au viwili vikipauka ghafla, kwa mpaka unaoonekana wazi, kisha vikawa vya samawati na mwishowe vikawaka moto vinaporudi, huenda ni hali ya Raynaud, ambapo mishipa midogo ya damu hujifunga kupita kiasi. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana kama kijivu. Utazame kwenye kucha na upande wa kiganja. Sigara huzidisha, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia, kwa hiyo mtajie daktari dawa unazotumia, wala usiziache mwenyewe. Vidole vinavyovimba na kuwasha saa kadhaa baada ya baridi yenye unyevu ni jambo tofauti: vipashe joto polepole, usivikune.

Mishikio inateleza au inashika maji

Mishikio ya sponji hunyonya mvua kama godoro na kuirudisha kwenye glavu safari nzima. Ibadilishe iwe ya mpira. Mshikio wa mpira unaozunguka baada ya mvua una maji chini yake: uinue kwa bisibisi butu, ingiza spiriti kidogo, uuvute utoke, futa usukani ukauke kabisa, kisha urudishe kwa spiriti hiyo hiyo. Spiriti ikishakauka, mshikio unakamata. Usitumie mafuta wala sabuni hapa.

Glavu hazikauki mpaka asubuhi

Nairobi ya Julai haina jua la kukausha, na nguo iliyoanikwa dirishani jioni huamka na unyevu. Kamua glavu ndani ya taulo, usizisokote. Jaza vidole kwa gazeti, libadilishe baada ya saa moja na tena kabla ya kulala. Kisha toa gazeti, zivike juu ya chupa mbili, vidole juu na mdomo chini, nyuma ya friji ikiwa yako ina wavu wa joto mgongoni. Usizianike juu ya jiko la makaa: utando huyeyuka na ngozi hukakamaa, na jiko linalowaka chumba kikiwa kimefungwa usiku linaua watu. Glavu za ngozi zipake mafuta ya kutunzia vitu vya ngozi zikiwa bado na unyevu kidogo, si zikishakauka. Za mpira zigeuze ndani nje, zioshe kwa sabuni, zikaushe pande zote mbili, la sivyo siku ya tatu zitanuka na ngozi kati ya vidole itaanza kuchubuka.